Kusafisha Tumbo Kabla ya Kolonoskopi: Dawa Gani Iko Fiti, na Ukiwa Kaptagat Unajipanga Aje?

Hii si stori ya kusoma ukimanga. Lakini kama daktari amekuandikia kolonoskopi, ama ni mathe ameandikiwa na wewe ndio utampeleka, kaa hapa dakika tano.

Kolonoskopi ni kamera kwa mpira mwembamba, inapitishwa nyuma kucheki utumbo mpana wote. Wasee wengi huogopa kamera, kumbe kibarua chenyewe ni kusafisha tumbo kabla ufike. Kamera haioni kupitia kinyesi. Ukienda na mabaki, daktari anaweza kupita polipu bila kuiona, kale kanyama kadogo ambako kakiachwa miaka kanaweza kugeuka kansa. Ama akuambie urudi siku ingine: nauli upya, dawa upya, njaa upya.

Na usiseme ni mambo ya wazee. Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alituacha Julai 2019 akiwa na miaka 41. Chadwick Boseman wa Black Panther aliaga Agosti 2020 akiwa na 43. Wote ilikuwa kansa ya utumbo mpana.

Dawa ziko aina gani?

*Poda ya PEG (lita 4).* Unachanganya na maji, unakunywa glasi moja kila dakika 10 hadi 15. Lita 4 ni kama glasi 16, na ladha yake ni ya chumvichumvi. Uzuri wake ni kwamba mwili hauinyonyi, inapita tu na kila kitu. Ndio maana huwa chaguo la kwanza kwa mtu mwenye shida ya figo ama moyo. Kuna pia ya lita 2 yenye vitamini C. Ni rahisi kumaliza, lakini mwenye upungufu wa G6PD aambie daktari kwanza.

*Pikosalfeti na magnesi.* Hizi ni pakiti mbili ndogo, kila moja unakoroga kwa maji kidogo. Wengi huipenda juu haichoshi mdomo. Lakini lazima ufuatishe maji mengi, na si maji matupu pekee: weka supu iliyochujwa ama maji ya ORS, ndio chumvi ya damu isishuke. Figo zikiwa zimechoka, hii si yako.

*Fosfeti ya kunywa.* Hii zamani ilikuwa maarufu. Mwaka wa 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali kwamba inaweza kuharibu figo. Usijinunulie.

*Tembe za bisakodili na enema.* Tembe husaidia zikiongezwa kwa dawa ingine, peke yake hazitoshi. Enema nayo huosha sehemu ya chini tu. Kamera inaenda mbali kuliko hapo.

*Mafuta ya nyonyo na "detox" za mtaani.* Kuhara si kusafika. Unaweza kuendesha usiku mzima na bado utumbo uwe na mabaki.

Siri ni saa, si jina la dawa

Hapa ndio wengi huchoma. Ukikunywa dawa yote jioni, usiku kucha utumbo mdogo unaendelea kumwaga maji mazito yanayopaka ukuta wa utumbo mpana. Kwa hivyo gawa: nusu jioni, nusu saa nne hadi sita kabla ya kipimo, na umalize angalau saa mbili kabla. Dawa ni ile ile, lakini matokeo ni safi zaidi.

Sasa, Kaptagat

Tuseme miadi ni saa nne asubuhi Eldoret, pale MTRH ama hospitali ingine. Nusu ya pili inaanza saa kumi alfajiri, unamaliza kitu saa kumi na mbili. Halafu mat ya kupitia Naiberi na tumbo bado linanguruma? Hapana. Njia ni mbili: lala kwa mtu wa familia Eldoret mjini, karibu na choo, ama uulize kama wanaweza kukupa miadi ya mchana. Ukibaki nyumbani na choo ni cha nje, kumbuka baridi ya Kaptagat usiku: tochi, sweta, tishu laini na mafuta ya kujipaka. Usiende peke yako pia. Ukidungwa dawa ya usingizi, lazima mtu akurudishe nyumbani.

Cha kumanga na cha kuacha

Siku moja hadi tatu kabla, kulingana na maagizo yako, acha managu, sukuma, githeri, maharagwe, mahindi choma na matunda ya mbegu. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai, viazi vilivyomenywa. Ukishaambiwa ni maji maji pekee, ni turungi, Sprite, supu iliyochujwa. Mursik ingoje: ni maziwa, na ina masizi meusi. Juisi ya biti-ruti pia, juu rangi yake inafanana na damu kwa kamera.

Wanariadha, hii ni yenu: tembe za madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Kwa kawaida huachwa kama wiki moja kabla, kwa hivyo ulizia mapema. Na siku ya dawa hakuna kukimbia, hata ile mbio rahisi. Maji unayopoteza yanatosha.

Utajuaje uko tayari?

Kinachotoka kiwe maji ya manjano, unaona hadi chini. Kikiwa bado cha kahawia ama kina vipande, pigia hospitali kabla ya kupanda mat. Ukitapika bila kukoma, tumbo likivimba na kuuma sana ama uzirai, acha dawa na uende hospitali saa hiyo.

Mwisho kabisa: mwenye kisukari, anayekunywa dawa za kupunguza damu kuganda, ama mwenye figo au moyo mgonjwa asichague dawa kwa kaunta ya chemist. Aongee na daktari wiki moja kabla, si usiku wa mwisho.