Mtandao Tengefu: VLAN kwa Kiswahili cha Kazi

VLAN, yaani Virtual Local Area Network, ni kifupisho cha Kiingereza ambacho mafundi wa mitandao wamekizoea kiasi kwamba ni wachache wanaokumbuka kukifafanua. Anayebaki gizani ni mwenye ofisi. Ameambiwa anunue swichi ya bei ya juu kuliko ile aliyoiona dukani, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Istilahi nzuri ya Kiswahili ingemsaidia huyo kwanza. Ninapendekeza tuiite mtandao tengefu, na sababu zangu zinaeleweka vizuri zaidi mtu akiifuata kazi yenyewe, kuanzia kwenye swichi hadi kwenye simu ya mgeni.

Tuchukue ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, wilayani Tandahimba. Wilaya hii pamoja na Newala ziko chini ya chama kikuu cha TANECU. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho ya mkulima hupimwa kwenye chama chake, ikapelekwa ghala kuu na kuuzwa mnadani. Siku hizi kumbukumbu za vyama huingizwa kwenye MUVU, mfumo wa kielektroniki wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na minada yenyewe imehamia kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Intaneti ya ofisi ya namna hii imekuwa kitendea kazi sawa na mzani.

Sasa angalia nani wanaitumia. Yupo karani, mwenye kompyuta iliyojaa majina ya wakulima, kilo zao na namba zao za benki. Wapo wakulima na wageni wanaosubiri wakiwa na simu mkononi. Zipo kamera za ulinzi ghalani. Wote wakipewa Wi-Fi moja na nywila moja, simu ya mgeni asiyejulikana inakaa meza moja na kompyuta ya karani. Mwenye nia mbaya, au mwenye simu iliyoingiliwa na virusi bila yeye kujua, anaweza kuipekua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo suala hili si la mafundi peke yao.

Kwenye swichi ya kawaida, kifaa kimoja kikipiga mbiu kuuliza nani mwenye anwani fulani, mbiu hiyo huvifikia vifaa vyote vilivyochomekwa. Njia ya zamani ya kutenganisha watu ilikuwa kununua swichi tatu, kutandaza nyaya mara tatu na kufunga vituo vya Wi-Fi mara tatu. Swichi inayosimamika, ile ambayo fundi anaweza kuingia ndani yake na kuipangia kazi, huondoa gharama hiyo. Ndani ya kasha moja unachora mipaka, na mbiu inayopigwa upande wa wageni haivuki kwenda upande wa ofisi. Kila upande ni mtandao tengefu mmoja.

Waya mmoja unabebaje mitandao mitatu bila kuchanganya? Jibu ni lebo. Magunia ya korosho ya vyama mbalimbali yanaweza kupakiwa lori moja hadi ghala kuu, na hayapotei kwa sababu kila gunia lina alama ya chama lilikotoka. Kiwango cha 802.1Q, kilichotolewa na IEEE mwaka 1998, hufanya hivyo kwa kila fremu, yaani kila kifurushi cha data: huichomekea lebo ya baiti 4, na ndani yake biti 12 hubeba namba ya mtandao. Biti 12 hutoa namba 4096. Ya kwanza na ya mwisho zimehifadhiwa, hivyo fundi hubaki na 4094 za kuchagua. Ofisi yetu inahitaji nne tu: 10 ya ofisi, 20 ya wageni, 30 ya kamera na 99 ya kusimamia vifaa vyenyewe.

Milango ya swichi, ambayo mafundi huiita poti, sasa inakuwa ya aina mbili. Mlango unaopitisha mitandao mingi kwa pamoja, kila fremu ikiwa na lebo yake, ninauita mlango shina. Mlango unaohudumia mtandao mmoja, ambao fremu zake hutoka bila lebo kwa kuwa kompyuta ya kawaida haina haja nayo, ni mlango tawi. Shina na tawi ni maneno ambayo hayahitaji kufundishwa kwa mtu yeyote anayeishi kwenye mikorosho.

Mpangilio wetu basi: mlango 1 unakwenda kwenye ruta, ni shina la mitandao yote minne. Milango 2 na 3 inakwenda kwenye vituo vya Wi-Fi, nayo ni shina, ikibeba 10, 20 na 99. Milango 4 hadi 6 ni matawi ya 10, ya kompyuta za makarani. Milango 7 na 8 ni matawi ya 30, ya kamera. Kwenye kituo cha Wi-Fi unaunda majina mawili tu, la ofisi likifungwa kwenye 10 na la wageni kwenye 20. Usiongeze majina kwa kupenda wingi. Kila jina hujitangaza hewani takriban mara 10 kwa sekunde, na matangazo hayo yanakula nafasi ya data. Vituo viwili vilivyo karibu vikitumia masafa ya GHz 2.4, kimoja kiweke chaneli 1 na kingine 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Swichi ikiwa inapitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, vituo havihitaji soketi darini, na UPS moja, yaani betri ya akiba, inaweza kuishikilia swichi pamoja na vituo vyake umeme ukikatika.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni kusahau kuiruhusu 20 kwenye mojawapo ya mashina. Mgeni ataliona jina la Wi-Fi, nywila itakubaliwa, kisha simu itahangaika kutafuta anwani ya IP na kushindwa. Kompyuta ya Windows itajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, usiguse antena wala kubadilisha nywila. Nenda ukague mashina, moja baada ya jingine, hadi kwenye ruta inayogawa anwani.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi huliacha njiani. Swichi imetenga mitandao, lakini ruta inaijua yote, na ruta nyingi zikiachwa zilivyo zitapeleka data ya mtandao mmoja kwenye mwingine bila kuuliza. Lazima uandike kanuni kwenye ruta: wageni wa 20 wapate anwani, wapate majina ya tovuti, waende intaneti, na wazuiwe kwenda 10, 30 na 99. Bila kanuni hiyo umegawa namba tu. Ijaribu kwa mkono: shika simu iliyo kwenye Wi-Fi ya wageni, andika anwani ya kompyuta ya karani au ya kamera, na uhakikishe hakuna kinachojibu.

Turudi kwenye jina. Baadhi ya waandishi husema "mtandao pepe", kwa kufuata barua pepe. Silikubali kwa VLAN. Msomaji akisikia pepe anafikiria kitu kilichoko intaneti, na zaidi ya hapo, pepe inaikaribia mno VPN, ambayo ni kitu tofauti kabisa: VPN huunganisha walio mbali, VLAN hutenga walio karibu. Tengefu tunayo tayari katika lugha ya serikali. Tuna pori tengefu, tuna Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mkoa wa Mtwara una Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Maana yake ni eneo lililowekewa mpaka na masharti ya kuingia, bila lazima ya kujengewa ukuta. Wanasarufi watadai "mtandao mtengefu". Ninawaelewa, lakini "maeneo tengefu" imekwisha kuzoeleka bila kiambishi, na istilahi ifuate njia hiyo hiyo.

BAKITA ndiyo yenye mamlaka ya kusanifisha, na ninaomba neno hili lifikishwe kwake pamoja na mlango shina na mlango tawi. Wakati tukisubiri, fundi unayesoma hapa, ukimaliza kazi andika jedwali la milango kwa Kiswahili, namba ya kila mtandao na kazi yake, na ulibandike ndani ya mlango wa kabati la swichi, ili karani aweze kulisoma hata siku ambayo wewe hupatikani.