Saa ya Kufunga: Vileo, Dansi na Amri za Serikali mjini Bujumbura

Kabla chupa haijaingia Burundi, mtama ulipokwisha kuvunwa na pombe ya impeke ikaiva, chungu kiliwekwa katikati ya baraza, mwenye nyumba akaonja kwanza ili kuwaondolea wageni wasiwasi wa sumu, kisha mirija mirefu ikatumbukizwa na watu wakavuta kwa zamu, wakubwa wakitangulia na hirimu ya vijana ikingoja. Kanuni hizo hazikuwa na karani wala faini, walakini zilishikwa kuliko nyingi zilizoandikwa baadaye.

Sheria za karatasi zilikuja na wageni. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umekwisha kuiwekea mipaka biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Ubelgiji ilipopewa Ruanda-Urundi kuwa amana ya Shirikisho la Mataifa, hati ya mwaka 1922 iliitaka isimamie kwa ukali biashara ya silaha na uuzaji wa vileo vikali, mambo mawili yaliyokalishwa pamoja katika ibara moja kana kwamba hatari yake ni sawa. Gongo la kienyeji, ambalo Warundi huliita kanyanga, ni marufuku hata leo. Lakini urwarwa wa ndizi haukuwahi kukosa mnywaji. Kisha mwaka 1955 ikaanzishwa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, kampuni ya bia ya Brarudi, na bia yake ya Primus ikawa kinywaji cha mji. Katika kampuni hiyo Heineken ya Uholanzi ina sehemu kubwa, nayo dola ya Burundi ina takriban asilimia 41 ya hisa, hata ikawa mwenye kumwadhibu mlevi ndiye mshirika wa mwenye kumuuzia. Na mimi huona kwamba asiyelikumbuka jambo hili hawezi kuzifahamu sheria za vileo za nchi ile.

Mji wenyewe uligawanyika kwa namna yake. Buyenzi, maskani ya Waswahili, ni mtaa wa misikiti na biashara. Jirani yake Bwiza ni mtaa wa baa na dansi, ambako Wakongo walileta rumba. Wakoloni waliwatazama kwa shaka wanawake wa mjini wasio na waume, wakawatoza kodi ya peke yao, na katika miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Buyenzi, wajane na walioachwa, waliigomea kwa hasira, kwa kuwa iliwavunjia heshima kwa kuwaweka fungu moja na makahaba.

Lakini amri iliyoutengeneza usiku wa Bujumbura haikutaja pombe hata kidogo. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 serikali ilikataza watu kutoka nje usiku, na katazo hilo, saa zake zikibadilika kwa kadiri ya hofu ya wakati, halikuondolewa mpaka Aprili 2006, yaani muda wa miaka 34. Katika siku zake za mwisho lilianza saa sita za usiku na kuisha alfajiri. Mpenda dansi alikuwa na njia mbili tu: ama aondoke mapema, mahadhi yakiwa ndiyo kwanza yanakolea, ama akeshe ndani mpaka kuche. Katika zama hizo ndipo ilipovuma bendi ya Amabano, ambayo Canjo Amissi aliiimbia, na David Nikiza akawa bingwa wa rumba ya Kirundi. Ndipo alipokulia mtaani Kinama kijana Jean-Pierre Nimbona, aitwaye Kidum, aliyeanza kwa kupiga dramu, na vita vilivyozuka mwaka 1993 vikamhamishia Nairobi, ambako jina lake lilikua kwa nyimbo za Kirundi na Kiswahili. Vita hivyo vilichukua wanamuziki wengi kuliko amri yoyote ya usiku.

Hata ngoma haikusalimika na kalamu. UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi miongoni mwa turathi zisizoshikika za ulimwengu mwaka 2014, na Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza akatoa amri ya kuwakataza wanawake kuipiga, na kutaka idhini ya wizara na ada ya faranga 500,000 ngoma inapoalikwa nje ya sherehe za serikali. Bendi ya gitaa haikuguswa. Arusi ya mtu wa kawaida ikaona ni rahisi kukodi vinanda kuliko ngoma ya babu zake.

Siku hizi mnywaji wa Bujumbura, akikaa jioni mbele ya mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, haulizi tena baa itafungwa saa ngapi; huuliza kama bia ipo. Uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta umeipunguza Primus, na maadam ina bei rasmi, chupa kubwa ya sentilita 72 huuzwa kwa bei hiyo mahali inapoonekana na watu, na kwa bei nyingine chini ya meza.