Usiku wa Jangwani: Chakula, Nyota na Wageni

Msafiri wa leo aendaye Wadi Rum, bonde la mchanga na majabali kusini mwa Jordan, hupokewa jioni kwa chakula kiitwacho zarb. Nyama na mboga huwekwa juu ya wavu wa chuma, zikateremshwa katika shimo lenye makaa, kisha shimo likafunikwa na kufukiwa mchanga hata chakula kiive. Baada ya kula, wageni hulala chali wakitazama nyota. Hiyo ni raha ya kulipiwa, na aionaye mara ya kwanza aweza kudhani kwamba ilibuniwa kwa ajili yake. Walakini asili yake ni ya kale, tena haikuwa raha.

Katika majangwa ya bara Arabu, wakati wa joto kali, usiku ndio uliofaa kwa safari. Jua lilipowaka watu na ngamia walipumzika, lilipokuchwa waliondoka. Upepo uliweza kuifuta njia mchangani, lakini haukuweza kuzigusa nyota. Kwa hiyo kuzijua nyota kulikuwa sawa na kukijua kisima: asiyezijua aliweza kufa kwa kiu.

Ujuzi huo ungali katika majina. Kundi ambalo Waswahili waliliita Kilimia, kwa kuwa liliwaonyesha majira ya kulima, Waarabu waliliita Thuraya. Nyota nyekundu ilifuatayo wakaiita Al-Dabaran, yaani mfuasi. Suhaili, ionekanapo alfajiri mwishoni mwa Agosti, iliwabashiria kwamba ukali wa joto unakaribia kwisha. Mnamo mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi, mtaalamu wa Isfahan, alitunga kitabu cha nyota, akayaweka majina ya Waarabu pamoja na elimu ya Wayunani. Mengi ya majina hayo yakaingia Ulaya, na hata sasa wataalamu wa huko husema Aldebaran. Nyota zilizoongoza misafara ndizo zilizoongoza vyombo baharini, kama zinavyoonyesha kazi za Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar wa karne ya 15.

Chakula cha safari kilikuwa haba: tende, maziwa ya ngamia, na mkate wa unga na maji uliookwa katika majivu ya moto. Hata hivyo moto ulioonekana kwa mbali ulikuwa mwaliko, na desturi ilimpa mgeni haki ya kukirimiwa siku tatu. Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka jangwa la Rub al-Khali mara mbili kati ya 1946 na 1948, na baadaye akakaa miaka mingi Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1959 jinsi Mabedui wenye njaa walivyowapa wageni chakula ambacho wenyewe walikihitaji. Ukarimu huo haukuwa adabu tu. Aliyekuwa mwenyeji leo aliweza kuwa mgeni kesho, na pasipo desturi hiyo hapana ambaye angethubutu kusafiri.

Motokaa zikaja, zikapunguza kazi ya ngamia na ya kiongozi pia. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Lawrence of Arabia, iliyopigwa kwa sehemu katika Wadi Rum, na mwaka 2011 UNESCO ikalitia bonde hilo katika urithi wa dunia. Mabedui wengi wa huko sasa hupata riziki kwa wageni. Si haki kuwalaumu kwa kuuza kilichokuwa zawadi, maana malipo hayo huwawezesha kubaki katika nchi ya babu zao.

Hatari iko kwingine. Kila hema linaloongezwa huja na taa zake, na taa huzifukuza nyota zile zile ambazo mgeni alizifuata. Kwamba giza laweza kulindwa, Afrika imekwisha kuonyesha: hifadhi ya NamibRand katika jangwa la Namib ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza, kwa masharti ya kupunguza na kufunika taa. Lakini giza peke yake halitoshi. Kijana apikaye zarb asipofundishwa na wazee kuitambua Suhaili na kueleza kwa nini ilingojewa, mgeni ataona mianga mingi, asisome hata neno moja.