Stakabadhi kwa Kila Pakiti: Mazoea ya Nchi Kavu Chini ya Bahari

Kwamba TCP, itifaki ya intaneti ya kufikisha data kwa uhakika, haifai kwa mitandao ya chini ya maji, hakuna anayebisha. Akyildiz, Pompili na Melodia walikwisha kulieleza hilo mwaka 2005. Ubishi umebaki juu ya kile kilichorithiwa kutoka TCP bila kuhojiwa: imani kwamba data si ya kuaminika mpaka kila pakiti ikatiwe stakabadhi ya mapokezi. Watetezi wake husema kasoro ni urefu wa njia tu. Tukiigawa vipande, nodi hadi nodi, stakabadhi itafanya kazi yake. Nadai kwamba hata kwenye kipande kimoja haifanyi, ila kwa gharama isiyobebeka na nodi inayoishi kwa betri.

Tuchukue nodi mbili zilizo umbali wa kilomita 3, zinazowasiliana kwa sauti. Sauti baharini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo pakiti huchukua sekunde 2 kufika, na jibu sekunde 2 nyingine kurudi. Tuseme modemu hutuma biti 5,000 kwa sekunde na pakiti ina biti 2,000: kuitoa ni sekunde 0.4 tu. Ukijumlisha na stakabadhi fupi, mzunguko mzima unakuwa kama sekunde 4.4, na zaidi ya tisa ya kumi ya muda huo modemu inangoja. Kuujaza muda huo kwa pakiti nyingine si rahisi, maana modemu nyingi za sauti haziwezi kutuma na kusikiliza kwa wakati mmoja.

Sasa tutie upotevu wa pakiti 3 katika kila 10. Kufikisha pakiti 20, moja baada ya nyingine, kutahitaji majaribio 29 hivi, yaani zaidi ya dakika 2; na hapo nimewafanyia ukarimu wapinzani wangu kwa kujaalia kwamba stakabadhi zenyewe hazipotei. Njia ya pili ni kuzisimba pakiti hizo ziwe 35, kwa namna ambayo zozote 20 zikifika zinatosha kuzirejesha zote, kisha kudai stakabadhi moja kwa fungu zima. Kazi inakwisha kwa sekunde 18 hivi, na uwezekano wa kufaulu kwa mkupuo mmoja unazidi asilimia 95. Itifaki ya SDRT ya Xie na wenzake (2010) ilijengwa juu ya wazo la aina hii.

Nitaambiwa kwamba 35 ni nyingi kuliko 29, na kutuma ndiko kunakokula betri. Kweli. Lakini hesabu hiyo inazisahau stakabadhi 20, kila moja ikiwa na ishara yake ya kuoanisha saa za modemu, na inasahau nodi pokezi iliyokeshwa dakika 2.

Pingamizi zito ni jingine: upotevu wa baharini haupangwi sawasawa kama nilivyojaalia. Meli ikipita au upepo ukichafua uso wa maji, fungu zima laweza kupotea pamoja na akiba yake. Hapo usimbaji hausaidii. Ndiyo sababu sikuifuta stakabadhi ya fungu.

Kuna pia data isiyofaa kukusanywa katika mafungu. Kipimo cha mkandamizo cha mfumo wa DART, kinachokaa sakafuni mwa bahari kuwinda tsunami, hupima kila sekunde 15, lakini vipimo vingi havipandishwi kwenye boya papo hapo. Kifaa hulinganisha kina kilichopimwa na kilichotabiriwa. Tofauti ikivuka kizingiti, kwa kawaida milimita 30, ndipo kinapoanza kutuma kwa wingi. Ujumbe wa namna hiyo ni mfupi na hauwezi kusubiri wenzake 19. Kwa huo ningependekeza kuutuma mara kadhaa mfululizo bila kungoja jibu, ingawa hesabu niliyoifanya hapa haithibitishi ni mara ngapi.