Saa Mbili ya Bibi

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea jinsi tunavyoshindwa kukaa na kitu kimoja bila kushika simu. Hapa naongeza historia kidogo.

Mwaka 2012, makumbusho ya Museum of Contemporary Art pale Circular Quay yalifunguliwa upya baada ya kupanuliwa, yakaonyesha The Clock ya Christian Marclay. Yeye na wasaidizi wake walitumia miaka kama mitatu kukusanya maelfu ya vipande vya filamu vyenye saa: za ukutani, za mkononi, au mtu akiuliza ni saa ngapi. Akavipanga kwa kompyuta vikawa filamu ya masaa 24 inayokwenda sawa na saa ya hapo ulipo. Ukiingia saa tisa na robo, kwenye skrini nako ni saa tisa na robo. Hadithi haifiki mwisho. Unakaa tu, unauona muda ukipita.

Sasa panda mpaka Observatory Hill, si mbali. Tangu 1858, mpira mkubwa ulidondoshwa kutoka kwenye mlingoti wa mnara pale, na mabaharia bandarini wakarekebisha saa zao. Ilibidi usimame, uangalie juu, usubiri. Leo simu inajirekebisha yenyewe, nasi hatuangalii popote.

Na sisi Waswahili je? Tunahesabu saa tangu jua kuchomoza. Karibu na ikweta jua halibadilishi sana ratiba yake, kwa hiyo hesabu inakaa sawa mwaka mzima. Huku Sydney, mwezi wa Juni jua linatoka karibu saa moja asubuhi, Desemba linatoka kabla ya saa kumi na mbili. Ina maana tukisema saa kwa Kiswahili, tunahesabu jua la kwetu kule.

Mwaka juzi bibi yangu wa Mombasa aliniambia, "Nipigie kesho saa mbili." Nikapiga saa nane mchana ya kwake, maana kichwani mwangu mbili ilikuwa mbili ya Kizungu. Kumbe alikuwa amekaa na simu mapajani masaa sita. Hakunigombeza. "Nilijua utapiga, mjukuu wangu," akasema.

Masaa sita! Mimi dakika sita zinanishinda.

Basi wikiendi hii mpigie mzee wako. Muulize kwake ni saa ngapi, halafu usikate haraka.