Kutoka shimoni Mexico hadi kikopo cha plastiki: vitoto vya tarantula (Sehemu ya 3)

Mama zangu, leo ni zamu ya tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya. Najua ushaanza kujikunja. Vumilia, maana kuna habari ya macho hapa ambayo lazima uijue kama mwanao, au wa dada yako huko Ulaya, anataka kumfuga.

Zamani walionunua tarantula hawakulea kitoto. Miaka ya 1970 na 1980, Wamarekani na Wazungu walipompenda yule wa Mexico mwenye magoti mekundu, wachuuzi walimchimbua tu shimoni, mkubwa tayari, wakamsafirisha. Shida ni kwamba jike wake hukua polepole mno, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Ukiondoa majike wakubwa, nani atazaa? Mwaka 1985 akaingizwa kwenye mkataba wa CITES, biashara yake ikaanza kuhitaji vibali. Wafugaji wakazidi kugeukia mayai.

Mfuko mmoja wa mayai hutoa vitoto mamia, vidogo vya milimita chache tu. Kila kimoja huwekwa peke yake kwenye kikopo chenye udongo, maana wakikaa pamoja wanalana. Hulishwa vipande vya nyenje. Wakati wa kujivua ngozi hulala chali, miguu juu, na mfugaji mgeni hudhani kafa. Hajafa, usimguse.

Hata sisi tumo kwenye biashara hii. Kuna tarantula wa Afrika Mashariki ambaye Pocock, mtaalamu wa makumbusho ya London, alimpa jina la kisayansi mwaka 1897. Wa rangi ya machungwa wafugaji wanamwita kwa jina la Usambara. Huyo ni mkali, aking'ata maumivu si mchezo.

Lakini mimi nesi kinachonitisha zaidi ni manyoya ya wale wa Amerika. Akishtuka, husugua tumbo kwa miguu ya nyuma, manyoya yanaruka hewani kama vumbi. Yana vijimiba. Kitoto kidogo kabisa bado hana hayo manyoya, ndiyo maana mtoto anazoea kuchungulia kikoponi uso kwa uso. Buibui anakua, tabia inabaki ileile.

Mwaka 2009 huko Leeds, Uingereza, mwanamume mmoja alifika hospitali jicho likiwa jekundu, linatoa machozi, halitaki mwanga. Alikuwa ameshapewa dawa ya matone ya bakteria, haikusaidia kitu. Madaktari walipoangalia kwa darubini ya macho wakakuta nywele nyembamba zimechoma kioo cha jicho. Alipoambiwa hivyo ndipo akakumbuka: siku alipokuwa anasafisha nyumba ya tarantula wake, alirushiwa manyoya usoni. Zilikuwa ndogo mno, hata koleo la hospitali halikuweza kuzitoa.

Wiki tatu, jamani, na hakuna aliyemuuliza nyumbani anafuga nini!

Kwa hiyo anayesafisha avae miwani ya kuziba na glavu, na awe mtu mzima. Manyoya yakiingia jichoni, usimwache mtoto asugue. Osha kwa maji safi mengi, kisha mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Neno la kwanza ukifika mlangoni liwe: nyumbani tuna tarantula.