Mkojo wenye damu si kichocho daima: Saratani ya tezi dume na tiba zake

Katika vijiji vya Kwale, Mwabungo kikiwemo, mkojo wenye damu una jina moja: kichocho. Jina hilo halikuzuka bure. Maradhi hayo, yanayoenezwa na konokono wa majini, yamelisumbua eneo la Msambweni kwa muda mrefu, na watafiti wamekuwa wakiyafuatilia huko tangu miaka ya 1980. Hata hivyo, mwanamume aliyetimu miaka 50 hapaswi kumeza dawa ya kichocho na kuridhika. Huenda chanzo kikawa kibofu, figo au tezi dume.

Tezi dume, ambayo wengine huiita tezi kibofu, ina ukubwa wa ndimu ndogo. Imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na hutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Umri unaposonga, hupanuka hata pasipo saratani. Ndiyo maana wazee wengi huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Saratani yenyewe ni ya hila zaidi, kwani mwanzoni huwa kimya. Maumivu ya mgongo na nyonga mara nyingi huashiria kuwa imekwisha kufika mifupani. Nchini Kenya ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi, na hatari huongezeka kwa mtu ambaye baba au nduguye aliugua.

Uchunguzi huanza na kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kiwango kinachozidi 4 huzua shaka, ila si hukumu: maambukizi au tezi iliyopanuka tu huweza kukipandisha. Daktari pia huipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi hulikimbia jambo hili kwa haya, ilhali humalizika kwa muda usiozidi dakika moja. Uthibitisho hupatikana baada ya vipande vidogo vya tezi kuchukuliwa kwa sindano na kukaguliwa kwa hadubini.

Saratani isiyo kali yaweza kuachwa ikifuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Iliyo ndani ya tezi hutibiwa kwa upasuaji wa kuiondoa au kwa mionzi. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka wa 2001, akaishi hadi 2013. Njia zote mbili zaweza kudhoofisha nguvu za kiume au uwezo wa kuzuia mkojo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hayo mapema. Iliyosambaa hudhibitiwa kwa kuzima homoni ya kiume, ama kwa sindano zinazorudiwa, ama kwa upasuaji wa mara moja wa kuondoa korodani, ambao ni nafuu kwa gharama ingawa mzito kwa moyo.

Kwa mkazi wa Mwabungo, hatua ya kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Matibabu ya mionzi humlazimu kwenda Mombasa. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hugharamia matibabu ya saratani kwa kiwango maalumu, lakini hailipi nauli, na mionzi hutolewa siku tano kwa wiki. Inafaa kumuuliza daktari iwapo ratiba fupi ya vikao 20 itamfaa mgonjwa badala ya ile ndefu inayokaribia vikao 40.